Mvua Ikija, Chomoa

Papa Kalunga,

Leo ni Jumapili. Watu wametoka misa, biro yetu, ofisi ya depo ya dawa, imefungwa, nami nimeifungua kwa ufunguo wangu ili nikuandikie nikiwa kwenye kiti chako. Tangu ulipotuacha nimekikalia kila siku bila wasiwasi, nikikizungusha huku na huku kama mtoto wa chifu. Leo nakikalia ukingoni tu, kama mgeni.

Ningeanza kwa kukupa habari za ziwa na za watu wa hapa, lakini wewe hukupenda mtu wa kuzunguka. Nilipokuwa mwanafunzi wako ulikuwa ukinikatiza: "Dido, sema kosa kwanza. Hadisi itakuya nyuma." Basi nasema kosa kwanza. Nilimwita mke wako mwizi. Mama Ernestine, aliyenipakulia bukari na ndagala miaka yote ile nilipokuwa sina hata kiatu cha kubadilisha, nilimtaja mbele ya watu wote wa depo nikasema anaficha dawa. Hakuficha hata kidonge kimoja.

Nimeandika maneno hayo, nikainuka, nikaenda dirishani, nikarudi. Bado yapo.

Sasa nikuletee hadithi nyuma, kama ulivyopenda.

Baada ya matanga yako, Daktari mkuu wa depo alimpa Mama Ernestine nafasi ya mchana. Kazi yake ilikuwa kuingiza kwenye programu dawa zote zinazotoka baada ya saa sita: makatoni ya boti ya Moba yanayopanda hadi Kirungu, mizigo ya lori la Manono, na maboksi madogo ya pikipiki kwa ajili ya wakimbizi wa Katanika. Aliandika polepole, lakini aliandika vizuri. Mimi nilifanywa mkuu wa mashine. Nilikuwa nimerudi kutoka mafunzo ya Lubumbashi, nina cheti chenye muhuri mkubwa, na nilikitundika kwenye ule msumari wako wa koti la mvua. Koti lako nililiweka kabatini. Sikumuuliza hata Mama kama analitaka.

Mvua za kwanza zilipoanza, programu uliyoiandika ikaanza kuugua. Leo ilikataa kutoa ripoti ikidai printa haionekani, na printa ilikuwa pale pale, imetoa ulimi wake wa karatasi. Siku nyingine ikasema neno langu la siri halifai kwa tarehe hiyo. Mara ikasema faili limeharibika. Nikaizima, nikaiwasha, faili likawa zima. Kisha wiki nzima kimya, hata nikaanza kupiga mluzi. Nilibadilisha nyaya. Nilisafisha diski. Nilifuta programu yote nikaiweka upya, nikajipongeza kwa soda baridi, na baada ya siku chache kosa likarudi limevaa nguo nyingine.

Watu waliniuliza kuna nini. Niliwajibu kwamba programu ya Papa Kalunga imezeeka. Ndiyo, Papa, hata wewe nilikusema. Nilisema uliiandika kwa mtindo wa zamani na kwamba nitaleta nyingine ya kisasa. Ukisikia hivyo najua utacheka kidogo kwanza, kisha utanyamaza, na kule kunyamaza kwako ndiko nilikokuwa nakuogopa.

Halafu likaja kosa lililonimaliza. Dawa za malaria za Moba zilikuwa zimetoka depo, rafu ilikuwa tupu, lakini ripoti ilisema hazijatoka. Kwa macho ya ripoti, makatoni yale yalipaswa kuwa bado yako rafuni. Nikachukua karatasi ya mzigo ili niingize mwenyewe. Mashine ikanikatalia kwa Kifaransa chake kizuri: namba hii iko tayari, imeingizwa na mtumiaji ERNESTINE. Nikarudi kwenye ripoti: hakuna kitu. Nikajaribu tena: namba iko tayari, ERNESTINE. Ipo na haipo. Nilisoma jina lile kwenye kioo na baada ya hapo sikusoma kitu kingine.

Nikajifanya mpelelezi. Nikakusanya mizigo yote iliyopotea kwenye ripoti, nikakuta yote ni ya mchana, yote ni ya mkono wake. Papa Mulongo, unamjua, anayetunza funguo za depo, aliniletea karatasi zenye saini za watu wa boti akaniambia, "Karatasi ziko, Dido. Angaria muzuri." Nikamjibu kwamba karatasi mtu anaweza kuiandika hata kesho yake. Na simu ilikuwa mfukoni, Papa. Ningeweza kupiga Moba kuuliza kama makatoni yalifika. Dakika moja tu. Sikupiga. Nilikuwa nimeshapata jibu, na mtu aliyepata jibu hatafuti.

Jumatatu, kwenye mkutano wa asubuhi, wakati chai bado inazunguka, nikawasha ile taa ya kuonyesha picha ukutani. Jina la mke wako likatokea kubwa juu ya rangi nyeupe, mstari juu ya mstari. Nilikuwa nimelipaka rangi nyekundu. Hakuna aliyeniomba nilipake nyekundu.

Mama Ernestine aliweka kikombe chini. Alisema tu, "Dido, ile yote nilipokea, njo ile niliandika," yaani kila karatasi aliyoipokea ndiyo aliyoiingiza. Nami, mbele ya wote, nikamjibu, "Mama, mashine haina ndugu."

Maneno hayo nilikuwa nimeyaandaa nyumbani. Niliyaona matamu.

Alifungua pete yake ya funguo, akatoa ufunguo wa biro, akauweka kando ya kikombe, akajifunga kitenge vizuri akatoka. Daktari alisema apumzike mpaka mambo yaonekane wazi. Lakini unaijua Kalemie, neno likitoka depo asubuhi, mchana liko sokoni na jioni limevuka daraja la Lukuga kwa miguu yake lenyewe. Jumapili iliyofuata pale kanisani walimwambia kwa upole kwamba kikapu cha sadaka atakibeba mama mwingine kwanza. Nilikuwepo. Nilikuwa benchi la tatu, na nikainama kana kwamba naomba.

Shukrani ya punda ni mateke. Zamani nilifikiri ni msemo wa kuwacheka wengine.

Sasa nikuambie jinsi nilivyojua. Mama Ernestine akiwa hayupo, kazi ya mchana ilibaki kwangu. Siku moja wingu jeusi likasimama juu ya ziwa, watu wakakimbia makwao kabla ya mvua kama kawaida yao, nikabaki peke yangu na mizigo ya boti. Radi ikapiga. Mwili wangu ukainuka wenyewe, Papa, kabla kichwa hakijafikiri, ukaenda chumba cha nyuma ukachomoa nyaya zote, hata waya wa ile mashine ya kati inayotunza rekodi zote, uliyoiita Muzee. Mvua ikija, chomoa. Ulituimbia hivyo tangu mwaka ule radi ilipounguza mashine ya jirani zetu, na hapa kwetu nani haelewi. Mvua ilipopungua nikachomeka, nikarudi mezani mbele, nikaingiza mizigo iliyobaki, nikaenda kulala na amani yangu.

Asubuhi Daktari akaomba ripoti. Mizigo yangu haikuwemo. Papa Mulongo alikuwa amesimama nyuma yangu na glasi yake ya chai. Nikachukua karatasi, nikaingiza tena, na mashine ikanijibu kwa Kifaransa kile kile: namba hii iko tayari, imeingizwa na mtumiaji DIEUDONNÉ, jina langu la ubatizo.

Papa Mulongo alisoma kwa sauti, polepole, kila silabi. Kisha akanywa chai. "Aa," akasema, "basi na weye uko mwizi?"

Alikuwa anatania. Nilitamani sakafu inimeze.

Ndipo nilipotulia, kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze, nikafanya ulichonifundisha siku ya kwanza kabisa. Unakumbuka tulivyokuwa tukikucheka? Kila ulipoitwa kwenye mashine inayolalamika, kabla hujagusa kitu ulitazama saa yako ya mkononi, kisha ukatazama saa ya mashine. Sisi vijana tulisema Papa anaangalia kama bukari imeiva. Nawe ulitujibu, "Mashini haina bongo, inasema ile inaona. Muulize kwanza kwake ni saa ngapi, njo usikie mambo ingine." Nilidhani ni maneno ya wazee. Nilikaa miezi miwili nikiuliza printa, nikiuliza nyaya, nikiuliza diski, nikamuuliza mpaka mjane, na saa sikuiuliza.

Nikabeba kioo cha kompyuta mpaka chumba cha nyuma, nikakifunga kwa Muzee. Wakati ule saa yake ilikuwa sawa. Nikachomoa waya, nikahesabu pumzi chache, nikachomeka. Muzee akaamka akiwa amerudi mwaka aliotengenezwa, Januari ya kwanza, usiku wa manane. Hakujua kwamba tumekuwepo.

Ile pile yake, betri yake ndogo, Papa. Ile ya duara, inayomlinda asisahau saa akiwa hana umeme. Ilikuwa imekufa. Wewe uliibadilisha kila mwaka kabla ya mvua, na aliyekushikia tochi ni mimi. Siwezi kusema hukunionyesha. Tochi ilikuwa mkononi mwangu mwenyewe.

Kila radi ilipopiga, Mama Ernestine alichomoa kama ulivyomwagiza, akasubiri, akachomeka. Mvua ikiwa imeua antena ya mtandao, hakukuwa na wa kumsahihisha Muzee saa. Yeye Mama alikuwa anaandikia meza ya mbele, mashine yake ina saa nzuri, hakuna alichokiona. Lakini anayepiga tarehe kwenye kila mzigo ni Muzee, naye aliipiga tarehe ya utoto wake. Asubuhi mtandao unarudi, Muzee anarekebishwa saa, mimi naingia na cheti changu nakuta kila kitu kiko shwari. Ripoti ya mwezi huu inatafuta mizigo ya mwezi huu, haioni. Namba ziko, kwa hiyo zinakataa kurudiwa. Ripoti ikikosa kitu cha kuchapa inasingizia printa. Magonjwa yote yale yalikuwa watoto wa mama mmoja.

Nikafungua ule mwaka wa zamani. Mizigo yote ilikuwa humo. Moba, Manono, Katanika, imepangwa vizuri, hakuna hata katoni moja iliyopungua. Na chini kabisa, kando ya kazi ya mke wako, kazi yangu. Hapo nikapiga ile simu ya Moba. Wakanipa namba ya muuguzi wa Kirungu, akashangaa swali langu. "Ile dawa? Ilifika zamani. Watoto walishaitumia."

Nilikwenda sokoni kwa fundi saa kununua pile. Aliitazama ya zamani kiganjani mwangu akauliza, "Papa Kalunga hayuko? Kila mwaka njo yeye anakuyaka." Nikamwambia umefariki. Alivua kofia. Kisha akachagua pile mpya kwa makini sana, akaifuta kwa shati lake, akanipa. Nilitembea nayo nimeifumbata kana kwamba inaweza kuvunjika.

Ungedhani hapo niliinuka kiume nikatengeneza nilichoharibu. Hapana. Mashine nilitengeneza siku ile ile. Mtu nilimzunguka. Niliingia kwa Daktari nikafunga mlango, nikamwambia kulikuwa na hitilafu ya mashine, imekwisha, Mama Ernestine hana kosa. Daktari alifurahi. Akabandika tangazo mlangoni: hitilafu ya mashine imerekebishwa, Mama Ernestine anaweza kurudi kazini. Nilipita mbele ya tangazo lile kila asubuhi. Kila neno lake lilikuwa kweli, na lilinificha vizuri kuliko uongo. Umetumia maisha yako kutufundisha kutoamini ujumbe wa namna hiyo, nami nikautengeneza mwenyewe.

Mama hakurudi. Siku zikapita, ufunguo wake ukabaki mezani.

Nikachukua kuku, kama desturi inavyotaka kwa aliyemkosea mama, nikavuka daraja. Nilimkuta uani anaanika muhogo. Amevaa saa yako, Papa. Inamcheza mkononi, ameutoboa mkanda wake tundu jingine kwa msumari, lakini ameivaa. Nikapiga goti, nikaanza kueleza: pile, radi, antena, tarehe. Nilieleza kwa urefu sana. Alinisikiliza akigeuza vipande vya muhogo kimoja kimoja. Nilipomaliza aliniuliza kitu kimoja, kwa sauti ndogo.

"Kalunga aliniambia mvua ikija, chomoa. Nilikuwa nachomoa. Ilikuwa mubaya?"

Papa. Alikuwa amekaa muda wote ule akijiuliza kama amekuharibia kazi yako kwa kukutii.

"Hapana, Mama," nilisema. "Ilikuwa sawa." Ndiyo siku niliyolia, si siku ya kukuzika.

Baadaye nikamwambia arudi kazini, tangazo liko mlangoni, kila mtu amesoma kwamba ni mashine. Akaacha muhogo. Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nilipokuwa najifanya nimeshiba.

"Mashini haikunisema, Dido. Ni weye njo ulinisema."

Kisha akanirudishia kuku. "Uende naye. Maneno yako uliitupa kule ku biro, mbele ya batu. Njo kule utaenda kuiokota."

Nikavuka Lukuga na kuku kwapani. Watu wanne waliniuliza kama namuuza. Bado yuko kwangu, nimemfunga nyuma ya nyumba, na juzi ametaga. Siwezi kumchinja na siwezi kumuuza. Kila asubuhi ananiangalia kwa jicho moja.

Nilimweleza Daktari kwamba nataka kusema mbele ya mkutano. Alikunja uso. Akasema hilo limekwisha, nikisema nitajivunjia heshima, vijana hawatanisikiliza tena, na huenda wakubwa watauliza kwa nini mashine iko mikononi mwangu. Pengine ni kweli. Pengine kiti hiki nitakikosa. Nimelifikiria jambo hilo sana, na ninakuambia bila kujisifu kwamba naogopa. Usiku naona nyuso zao. Naona Papa Mulongo na glasi yake.

Lakini kesho ni Jumatatu. Nimeshaandaa ukuta. Mizigo yote itatokea pale, ile ya Mama Ernestine na yangu, pamoja na tarehe yake ya kizamani, na safari hii sikupaka mtu rangi. Nitasimama pale pale niliposimama. Nitataja jina langu kwanza, nitasema pile ilikuwa kazi yangu nikaisahau, simu ilikuwa mfukoni nikaiacha, na mama huyu alifanya alivyoagizwa na aliyeijua mashine hii kuliko sisi sote. Nitasema pia kwamba programu ya Papa Kalunga haikuzeeka. Kisha nitachukua ufunguo ule mezani, nitavuka nao daraja mwenyewe. Kama Mama ataupokea au hataupokea, hilo ni lake.

Koti lako la mvua nimelitoa kabatini. Cheti nimekishusha. Nilitaka kulirudisha koti kwenye msumari, nikaona si haki yangu. Nitalibeba pamoja na ufunguo.

Naona wingu limekuwa jeusi juu ya ziwa, na radi ya kwanza imelia upande wa bandari. Lazima niache kuandika. Naenda chumba cha nyuma kumchomoa Muzee, kama ulivyotufundisha, mimi na Mama. Mvua ikipita nitamwasha, na kabla ya kumgusa nitamuuliza saa. Hilo nakuahidi kwa mvua zote nitakazoziona.

Pumzika, Papa yangu. Usinionee haya mbele ya wenzako huko. Kesho, kabla chai haijapoa, watasikia kutoka mdomo ule ule.

Mwanafunzi wako,
Dido